Vidonge vya mwani kwenye bia ya nyumbani: uzoefu wangu

Napika bia jikoni kwangu hapa Leeds, Uingereza, tangu 2021, lita 20 kila ninapopika. Nimekulia Marangu, Kilimanjaro, na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hainywewi kwa macho: ikiwa na tope la ulezi, hiyo ndiyo yenyewe. Kwa hiyo ukungu kwenye bia (kutoonekana ndani, si kuvu) haukunisumbua, mpaka nilipoanza kupika ile nyepesi ya rangi ya dhahabu. Nje ya friji ilikuwa nzuri, lakini nikiitoa kwenye friji inakuwa kama maji yaliyooshea mchele.

Duka la vifaa vya kupikia bia wakaniuzia vidonge vya mwani vya kuing'arisha. Nilifurahi kukuta ndani yake ni karajinani, ile ile inayotolewa kwenye mwani wa kotonii wanaoulima akina mama wa Unguja na Pemba. Inayeyuka bia ikiwa bado inachemka, kisha inashikana na protini za shayiri. Ikipozwa, yale mabonge yanazama.

Mara ya kwanza nilikosea. Niliweka kidonge kizima, nikidhani kuzidisha ndiyo kupata. Tope likawa jepesi kama sufi, likagoma kukaa chini, na nikamwaga karibu lita 3 za bia niliyoihangaikia siku nzima. Iliniuma sana. Tangu hapo naweka nusu kidonge, dakika 10 kabla ya kuzima moto (ukikiweka mapema mno, nguvu inaisha kwa kuchemka), kisha naitumbukiza sufuria kwenye sinki la maji na barafu. Chini utaona mabonge kama maziwa yaliyokatika, na juu unaona mpaka kijiko. Ladha haibadiliki hata kidogo. Bia ya ngano usiitilie, ukungu wake ni haki yake.

Siku ile niliponunua vya mwani, nilinunua pia vidonge vya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba, na kusema kweli hivi ndivyo vilivyoniokoa zaidi. Bia zangu mbili za mwanzo zilikuwa na ladha ya plasta ya kidonda, nikailaumu hamira bure. Nusu kidonge kilichosagwa kwenye maji kabla ya kupika, ladha ile haijarudi tena. Vina salfaiti lakini, kwa hiyo mwenye pumu umwambie kabla hujammiminia.

Chakula cha hamira utakachokiona dukani kiache. Kimea cha shayiri kitupu kinaishibisha hamira, mimi sikuona tofauti yoyote. Jelatini, inayong'arisha bia pia lakini hutokana na wanyama, sijaigusa, maana ninayekunywa naye hali nyama.

Pakiti ya vidonge 10 vya mwani nimeshaipikia mara 12 na bado ipo. Nitanunua tena. Ila mbege ya Krismasi, ninayopika kwa ulezi wa duka la Wahindi na msesewe (gome la mti la kutia uchungu) anaonitumia shangazi, hiyo haitiwi kidonge chochote.