Kikokotoo cha Pew cha tabaka la kati: kinajua mshahara wako, hakijui bili zako

Kaya ya watu wanne yenye dola 250,000 kwa mwaka huko San Francisco ikisema maisha yake ni ya kati tu, wengi hucheka. Kikokotoo cha bure cha Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, kinachokuambia uko tabaka la chini, la kati au la juu, nacho kitaipeleka tabaka la juu. Ni kifaa kizuri, na hesabu yake haijifichi. Tatizo ni kwamba watu hukiuliza swali ambalo hakikutengenezwa kulijibu.

Unajaza vitu vitatu: eneo unaloishi Marekani, kipato cha kaya kwa mwaka kabla ya kodi, na idadi ya watu. Tabaka la kati linaanzia theluthi mbili ya kipato cha kaya iliyo katikati kabisa kitaifa, na kuishia mara mbili ya kipato hicho. Toleo la Septemba 2024, linalotumia takwimu za 2022, linaweka dola 56,600 hadi 169,800 kwa kaya ya watu watatu. Kisha inaingia bei ya eneo. San Francisco na jirani yake Oakland, zinazohesabiwa kama eneo moja, ziko juu ya wastani wa taifa kwa asilimia 17.9, hivyo mipaka inapanda hadi takriban 66,700 na 200,200. Mwisho ni ukubwa wa kaya, unaopimwa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu: watu wanne wana ukomo wa kama 231,000, wawili 163,500. Kwa hiyo wenzi wasio na watoto wenye 170,000 tayari wako juu, ilhali familia ya wanne yenye 220,000 bado iko kati.

Makosa ya kujaza ni yaleyale kila mara. Mtu anaandika mshahara wake na kumsahau mwenzi wake, au anaandika kinachoingia benki baada ya makato. La tatu halionekani kirahisi: kuweka kipato cha 2024 kwenye mizani ya 2022. Bei zilipanda kwa karibu asilimia 7 kati ya miaka hiyo, kwa hiyo gawanya kwanza kwa 1.07. Zile 250,000 zinabaki kama 233,600. Bado ni tabaka la juu, ila kwa dola elfu mbili na ushee tu.

Sasa udhaifu wenyewe, na mkubwa ni nyumba. Kipimo cha bei za maeneo kinahesabu nyumba kwa kodi ya pango, si kwa marejesho ya mkopo. Chukua majirani wawili wenye kipato sawa, kila mmoja na mkopo wa dola milioni moja wa miaka 30. Aliyekopa 2021 kwa riba ya asilimia 3 analipa kama dola 4,216 kwa mwezi. Aliyekopa mwishoni mwa 2023 kwa asilimia 7 analipa 6,653. Tofauti ni zaidi ya dola 29,000 kwa mwaka. Kikokotoo kinawapa jibu moja.

Watoto nao wanahesabiwa vichwa tu. Mtoto mchanga anayelipiwa kituo cha malezi kutwa nzima ni sawa na wa miaka 15 aliye shule ya umma. Kodi ya mapato ya jimbo haimo, kwa hiyo California inayotoza na Texas isiyotoza zinapimwa kwa mshahara ghafi uleule. Mikopo ya chuo haiulizwi. Akiba na mali pia haziulizwi, jambo linalomfanya mstaafu mwenye nyumba iliyolipwa yote aonekane maskini kuliko alivyo.

Kuna wanaopima kwa jicho jingine. Mwaka 2018 wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, iliweka dola 117,400 kuwa ukomo wa kipato cha chini kwa familia ya wanne San Francisco, kwa sababu ukomo wake hupandishwa pale nyumba zinapokuwa ghali. Kwa Pew kipato hicho kingekaa raha mustarehe tabaka la kati.

Nakipendekeza kwa anayetaka kujua amesimama wapi kati ya kaya nyingine. Kwa anayetaka kujua kwa nini pesa haikai, bora kikokotoo cha ujira wa kujikimu cha MIT, chuo kikuu cha Marekani. Kinakwenda kaunti kwa kaunti, yaani sehemu ndogo za jimbo, hivyo San Francisco na Oakland hazichanganywi, na kinaonyesha chakula, malezi, nyumba, afya, usafiri na kodi za serikali kila kimoja kivyake. Kinahesabu kiwango cha chini kabisa: hakuna akiba, pesa za uzeeni, mgahawa wala likizo. Chukua jedwali la familia inayofanana na yako, futa mstari wa nyumba uandike marejesho yako halisi ya mwaka, na ufanye hivyohivyo kwa malezi. Jumla hiyo itoe kwenye kipato chako kabla ya kodi. Kodi ya jedwali imekadiriwa kwa kipato cha kujikimu, kwa hiyo mwenye mshahara mkubwa aibadilishe kwa makato yaliyo kwenye hati yake ya mshahara, la sivyo masalio yatatoka makubwa kuliko yalivyo.