Mapitio: kikosi cha kupogoa miti Shangani, Mtwara. Mwembe umetendewa haki, mnazi umeonewa

Kiwanja kiko Shangani, upande wa baharini, na kilikuwa na miti minne iliyohitaji mkono: mwembe wa zamani ambao tawi lake moja lilikuwa limelalia mabati, mwarobaini uliofika kwenye waya wa umeme, mkungu wa kivuli mbele ya kibaraza, na mnazi mrefu karibu na simtanki. Kazi ilifanyika Oktoba. Walikuja watu wanne, wakafanya siku moja na nusu kwa Sh 320,000, kubeba taka kukiwa ndani ya bei hiyo. Kijana wa panga angefanya kwa chini ya hapo na kuondoka kabla ya adhuhuri. Kwa mwembe na mwarobaini fedha hiyo ilistahili. Kwa mnazi haikustahili hata kidogo.

Tuanze na mwembe, maana hapo ndipo ufundi ulipoonekana. Tawi la juu ya mabati lilikuwa na unene wa sentimita 25 hivi. Tawi bichi la unene huo, lenye urefu wa mita 3, lina uzito unaozidi kilo 100 hata kabla ya kuhesabu majani, kwa hiyo likiachiwa lianguke lenyewe linaondoka na mabati, gata na pengine mbao za paa. Fundi alipanda kwa kamba na mkanda, akafunga tawi kamba mbili, moja karibu na shina na nyingine kuelekea ncha, zikapita kwenye panda iliyo juu zaidi. Chini, mwenzake alizungusha kila kamba kwenye shina mizunguko mitatu. Mizunguko hiyo ndiyo breki. Mtu anayeshika kamba kwa mikono mitupu huchunwa viganja, na akiachia, mzigo unakuja wote.

Ukataji wenyewe ulikuwa wa mikato mitatu, kama inavyotakiwa. Mkato wa kwanza ulitoka chini kwenda juu, sentimita 40 kutoka shinani, ukaingia theluthi ya unene. Wa pili ulitoka juu, sentimita 5 mbele ya ule wa kwanza kuelekea ncha. Tawi likakatika hapo bila kuchuna ganda. Wa tatu ukaondoa kigutu kilichobaki. Anayekata mara moja tu kutoka juu hufika katikati, uzito wa tawi ukalivunja, na ganda likachunika hadi chini ya shina. Jeraha la namna hiyo mwembe huweza kukaa nalo miaka mingi bila kulifunga.

Mkato wa tatu ndio wa kumpimia fundi. Pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe wa ganda lililokunjamana, ambao mafundi hawa wanauita shingo. Humo ndimo inamotoka nyama mpya ya kufunika kidonda. Ukikata sambamba kabisa na shina, umeiondoa shingo na kidonda kimekuwa kikubwa kuliko ilivyohitajika. Ukiacha kigutu cha sentimita 15, nyama mpya haiwezi kukizunguka, kinaoza, na mchwa wanapata mlango. Kikosi hiki kilikata nje kidogo tu ya shingo. Mwaka ukipita, utaona mviringo wa ganda jipya ukijikunja kuanzia ukingoni, na kama mviringo ni kamili pande zote, mkato ulikuwa sahihi.

Kisha wakafanya jambo ambalo mwenye nyumba hakulipenda mara moja: walikataa kupunguza sehemu nyingine ya mwembe. Walisema warudi Februari. Tunawaunga mkono kabisa. Mwembe wa pwani hii hutoa maua kwenye ncha za matawi kuanzia Juni hivi, na Oktoba unakuwa umebeba embe changa. Kupogoa wakati huo ni kutupa mavuno. Ukipogoa mara tu baada ya kuchuma, mti unapata mvua zilizobaki kuchipua, na machipukizi yanakomaa kabla ya msimu mwingine wa maua. Tawi lililolalia bati halingeweza kusubiri, mengine yangeweza.

Dosari za mwembe ni tatu. Kamba za kushushia zilikuwa za katani, na moja ilikuwa imeanza kuchanua nyuzi. Katani hula unyevu, huoza kwa ndani, na huwezi kuiona imechoka mpaka ikatike. Wanunue kamba ya nailoni ya milimita 12 au zaidi. Ya pili, walipaka kidonda rangi ya mafuta. Haisaidii, inafungia unyevu ndani na kuficha uozo. Kidonda kilichokatwa vizuri kiachwe wazi. Ya tatu, walipuliza dawa ya wadudu kuua majimoto, sisimizi wakali waliokuwa wamesuka viota kwenye majani. Hilo ni kosa la gharama, hasa Mtwara, kwa sababu majimoto huwinda mbu wa mikorosho na mbu wa minazi, wadudu wanaofyonza mimea hiyo, na jirani wa kiwanja hiki ana mikorosho sita. Kiota hukatwa na kijitawi chake alfajiri, wakati wadudu wamepoa, kikashushwa polepole na kuwekwa kwenye mti mwingine. Majivu makavu mikononi na miguuni hupunguza kuumwa.

Mwarobaini ndio uliotupa imani na msimamizi wao. Matawi yalikuwa yakisugua waya unaotoka nguzoni kuja nyumbani. Mwenye nyumba alijitolea kuzima swichi kubwa, msimamizi akakataa kuanza. Yuko sahihi, na hili kila mwenye nyumba alielewe: kuzima swichi kubwa, au hata LUKU ikiisha yuniti, hakuondoi umeme kwenye waya ulioko kati ya nguzo na mita. Huo unabaki na moto mpaka TANESCO wenyewe waukate. Tawi bichi hupitisha umeme, likilowa hupitisha zaidi, na ngazi ya chuma chini yake humalizia. TANESCO waliitwa, wakaja asubuhi ya siku ya pili, wakakata umeme, kazi ikafanyika kwa muda wa saa moja na umeme ukarudishwa. Ile nusu siku ya ziada ilitokana na hapo. Fundi anayekwambia "nitajihadhari tu" kwenye mti wa namna hii usimruhusu apande.

Mtaani mwarobaini huwa unanyolewa kipara: matawi yote yanakatwa katikati na kuachwa vigutu. Mti haufi, maana mwarobaini huchipua sana, na ndiyo sababu watu hudhani umepogolewa vizuri. Lakini machipukizi yale huota juu ya ganda tu, hayajashikwa na mbao ya ndani, yanarefuka haraka na kuwa mazito, na upepo mkali ukija yanachomoka. Hawa walirudisha kila tawi refu hadi kwenye tawi dogo la pembeni lenye unene usiopungua theluthi ya lile lililokatwa, ili liendelee kuvuta maji na kuziba kidonda. Kwa jumla waliondoa kama robo ya majani yote. Zaidi ya hapo kwa msimu mmoja mti hujibu kwa machipukizi ya hovyo. Oktoba nayo ni wakati mzuri kwa mti usiovunwa matunda: mvua hazijaanza, na mti unaingia kwenye miezi ya vimbunga ukiwa mwepesi. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliingia nchi kavu kusini ya mpaka, Cabo Delgado nchini Msumbiji, na Hidaya cha Mei 2024 kilileta upepo na mvua kubwa Lindi na Mtwara. Tawi bovu litoke kabla, si siku ambayo tahadhari inasomwa redioni.

Mkungu hauna mengi. Waliinua kivuli hadi mita 2.5 juu ya njia kwa kuondoa tabaka la chini, wakaacha umbo lake la ngazi. Kazi safi.

Sasa mnazi. Kijana alipanda na njumu za chuma viatuni. Mwembe ukitobolewa hufunga kidonda; mnazi haufungi kamwe, kwa sababu shina lake halina tabaka la kuzalisha ganda jipya. Kila tundu linabaki maisha yote, maji yanaingia, uozo unafuata. Mkwezi wa Mikindani anayepanda kwa kitanzi cha kamba miguuni haachi alama ya kudhuru, na anafika juu kwa wepesi uleule.

Huko juu akafanya kosa la pili: aliondoa makuti mabichi, akaacha machache yaliyosimama kama kishungi. Mnazi wenye afya huwa na makuti kati ya 25 na 35, na hutoa kuti jipya kama kila mwezi. Kwenye kwapa la kila kuti ndipo panapotoka karara, na kuti lenyewe ndilo linalobeba shada la nazi. Ukikata mabichi, mashada yanakosa egemeo, vidaka vinapukutika, na kwa kuwa nazi huchukua takriban mwaka mzima kukomaa, hasara utaiona kwa muda mrefu. Yanayotolewa ni makuti ya kahawia na yanayoning'inia chini ya mlalo. Basi. Makuti mabichi yaliyokatwa walitaka kuyapakia na taka, ingawa yangeweza kusukwa. Mwenye nyumba aliwahi kuyazuia.

Kuhusu vifaa: kofia ngumu zilikuwa mbili kwa watu wanne, na aliyekuwa chini ya mti hakuwa nayo, wakati yeye ndiye aliyeihitaji zaidi. Msumeno wa mnyororo ulikuwa mkali, ulitoa vipande vya mbao na si vumbi laini kama unga wa muhogo, na mafuta yake yalichanganywa vizuri, mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. Ila mnyororo walikuwa wakiupaka oili chafu ya injini, inayorukia ganda na kuchafua udongo. Taka zilibebwa zote, gata zikasafishwa bila kuombwa.

Wanasema wanapogoa na mikorosho "kama mwembe tu". Hapo tungewaomba wasite. Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za nje, hivyo anayeukata pembeni ili upendeze anakata korosho. Kazi yake hufanyika baada ya msimu wa mavuno, na lengo kubwa ni kutoa matawi makavu na machipukizi ya ndani yaliyo kivulini, kwa kuwa humo ndimo ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, hujihifadhi hadi maua yatoke. Naliendele, kwenye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, si mbali na mjini. Waende wakajifunze huko kwanza.

Mwenye nyumba amekubaliana nao warudi Februari kumalizia mwembe, kwa masharti matatu: kamba mpya, kofia nne, majimoto wasiguswe na dawa. Mnazi hawaupandi tena. Mti huo utapewa mkwezi mwenye kitanzi na panga kali, aangue zilizokomaa na kushusha makuti ya kahawia.