Chuo cha ualimu wa awali chenye chekechea ndani, Morogoro: maoni ya mzazi

Naandika hii kwa wazazi wa Morogoro wanaotafuta chekechea na wale wenye mabinti au vijana waliomaliza form four wanaotaka kusomea ualimu wa awali, maana mimi nina watu wawili pale, mwanangu yuko chekechea na mdogo wangu anasoma chuo, geti moja. Jina silitaji hapa kwa sababu nina malalamiko pia, anayelitaka aniulize ntamwambia.

Chuo chenyewe ni kidogo, usitegemee kukuta maghorofa. Madarasa ya chuo yako nyuma, chekechea iko mbele, na asubuhi wanachuo hawaanzi na notsi, wanaingia kwa watoto kwanza. Wanafuata Montessori, ule mfumo wa Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907 kwenye mtaa wa San Lorenzo, na ule ulikua mtaa wa watu maskini kabisa, kwahiyo wanaosema Montessori ni mambo ya matajiri wajue haikuanzia huko.

Watoto wa miaka 3 mpaka 6 wanakaa darasa moja. Kila mtoto anachukua mkeka wake mdogo anautandika chini, anaenda kwenye shelfu anachagua kifaa, akimaliza anakirudisha palepale alipokitoa af anakunja mkeka. Kuna wanaomimina maji kwenye vikombe, kuna wanaochambua maharage, kuna ule mnara wa pinki wa vitofali 10 vya mbao kuanzia cha sentimita 1 mpaka cha sentimita 10, na kuna herufi za msasa ambazo mtoto anapitisha kidole juu yake huku anatamka sauti, yaani mkono unaijua herufi kabla hajashika penseli. Nilichokipenda zaidi ni wakubwa kuwafundisha wadogo kufunga vifungo vya shati bila tichaa kusema kitu. Nyumbani kwangu siku hizi mtoto akimwaga maji anaenda kuchukua kitambaa mwenyewe.

Najua kuna wazazi walihamisha watoto wao kwa sababu hakuna homuweki na mtoto haimbi A B C kwa Kizungu akirudi. Mimi kwa kweli siwaelewi. Mtoto wa miaka 3 anapewa madaftari matano na anachapwa kwa kukosea namba 5, halafu tunashangaa akifika la tatu anaichukia shule? Hata mtaala wetu wa serikali wa elimu ya awali unataka kona za kujifunzia na michezo, na mwalimu mmoja kwa watoto 25, ila nenda kwenye madarasa mengi uone kama unatekelezeka. Pale kwa sababu ya wanachuo mikono ni mingi, mtoto akilia kuna mtu wa kumuinamia.

Upande wa chuo ndo naona watu hawajaujua vizuri. Mdogo wangu mwanzoni alikua anakaa kwenye kigoda pembeni ya darasa na daftari, anamwangalia mtoto mmoja tu anaandika anachofanya, haruhusiwi kumsaidia wala kumsemesha. Alilalamika sana. Sasa hivi ukikaa naye atakueleza kwa nini mtoto fulani anarudia kumimina maji mara nyingi vile na kwa nini usimkatishe, kitu ambacho mimi mwenye watoto nilikua sikijui. Na kila kifaa wanaandikia somo lake na kuchora kwa mkono, zana nyingine wanatengeneza wenyewe kwa maboksi na vizibo vya soda, ili akipangiwa shule ya kijijini isiyo na kitu asikwame. Kuna vyuo mwanachuo anakutana na mtoto kwa mara ya kwanza akienda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, hapo tofauti ni kubwa jamani.

Sasa malalamiko. Wanachuo wakienda BTP au wakifunga, chekechea inapwaya ghafla, na mtoto aliyemzoea dada fulani anaanza upya kulia getini. Wazazi hatuambiwi mapema, tunashtukia. Wabandike ratiba tu pale getini tuwaandae watoto, hata hela haihitajiki. Na michango ya vifaa, mbao, msasa, rangi, manila, hiyo haikuwepo kwenye joining instruction, ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga, inakuja katikati ya muhula wakati mzazi ameshapiga hesabu zake zote. Risiti wanatoa, sio kwamba wanaficha, lakini waiandike toka mwanzo.

Vyoo vya watoto ni vifupi saizi yao na maji yapo, uji wa lishe unatoka saa nne, na mtoto hapewi mtu asiyeandikishwa hata kama ni baba mdogo wake.

Ukienda kokote kwenye sehemu ya namna hii uliza usajili, na uelewe ni milango tofauti, chuo kina usajili wake, shule ya awali ni wizara ya elimu, na kama wanapokea wadogo zaidi wa dei kea hapo ni ustawi wa jamii. Nafasi za chekechea zinajaa mapema kwahiyo usisubiri Januari, na ukienda kuangalia nenda asubuhi watoto wakiwa kwenye mikeka, usiende mchana wakiwa wamelala.