Ripoti ya mgawanyo wa watu, Sensa 2022: inamfaa nani Dodoma?

Anayetafuta pa kufungua duka la vifaa vya ujenzi au shule ya awali Dodoma aanze na ripoti hii kabla ya kumsikiliza dalali wa viwanja. Imetolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), ni bure, na majedwali yake yanashuka kutoka mkoa, halmashauri, hadi kata.

Nguvu yake iko katika kushuka huko. Mkoa ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, ukafika 3,085,625 mwaka 2022, na jibu la kijiweni ni moja: serikali imehamia. Sasa liondoe Jiji la Dodoma kwenye hesabu. Maeneo yaliyobaki yalitoka 1,672,632 hadi 2,320,446, yaani kama asilimia 3.3 kwa mwaka, karibu sawa kabisa na 3.2 ya taifa zima. Jiji peke yake lilitoka 410,956 hadi 765,179, zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Mfanyabiashara wa Mpwapwa au Bahi asipange mzigo kwa kasi ya Jiji.

Kwenye uhamiaji ndipo ripoti inapokwama. Ongezeko linachanganya vizazi, vifo na waliohama, na hakuna safu ya kuvitenganisha. Kadirio la haraka hufanywa hivi: gawa idadi ya taifa ya 2022 (61,741,120) kwa ya 2012 (44,928,923), upate 1.374. Zidisha kwa 410,956. Jiji lingefika watu 565,000 hivi kama lingekua kwa kasi ya taifa. Pengo ni takriban 200,000. Humo wamo wahamiaji wenyewe pamoja na watoto waliowazaa hapahapa. Tena, kwa kuwa uzazi wa mijini uko chini ya wastani wa taifa, pengo halisi huenda ni kubwa zaidi. Anayetaka wahamiaji hasa atafute majedwali ya mahali pa kuzaliwa, akikumbuka kwamba mtoto aliyezaliwa Dodoma na wazazi wa Kigoma hatahesabiwa humo.

Mtego mkubwa kwa wenye biashara ni huu: sensa ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Mtumishi anayeshinda ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na kulala mtaa wa Kisasa huhesabiwa huko anakolala. Mama lishe akipima wateja wa mchana wa Mtumba kwa idadi ya kata, atapika pungufu. Wanafunzi nao: chuo kikiwa likizo, mitaa yenye hosteli huonekana mitupu kuliko ilivyo Novemba.

Ukilinganisha kata na ilivyokuwa 2012, hakikisha kwanza haikugawanywa kati ya sensa hizo mbili. Kata iliyomegwa huonekana imepoteza watu hata kama hakuna aliyehama. Na namba zikinakiliwa kutoka PDF kwenda Excel, ondoa koma kwanza, la sivyo baadhi huingia kama maandishi na jumla haitakubali.

Nyota nne kwa tano. Ya tano imekatwa na uhamiaji.