Usukani ukae wapi? Mwongozo wa kuchagua meza ya usukani na kioo cha mbele kwa boti ya uvuvi Kigoma

Anayekwenda kununua boti ya faiba hapa Kigoma huwa ameshapiga hesabu mbili kabla hajaonana na fundi: urefu wa boti na nguvu za mashine. Hesabu ya tatu, ya usukani ukae wapi na kioo cha mbele kiweje, humwachia fundi. Fundi naye huuweka pale ambapo waya zinapita bila usumbufu. Boti ikishaingia majini ndipo vijana wanaona wavu unanasa kwenye pembe ya meza, au nahodha usiku haoni mbele kwa sababu kioo kimejaa mwanga wa taa zake mwenyewe. Kukata faiba na kuijenga upya ni fedha na siku za kazi. Kwa hiyo jambo hili liamuliwe mapema, na aliamue mwenye boti pamoja na nahodha wake, maana nahodha ndiye atakayesimama pale usiku kucha.

Uvuvi wetu kwa sehemu kubwa ni wa usiku. Dagaa na migebuka hufuata taa, na kazi huwa nzito siku za giza, kisha hupungua mbalamwezi ikiwaka. Halafu kuna upepo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 kutoka kaskazini hadi kusini, na kusi, yaani upepo wa kusini, ikivuma kati ya Mei na Septemba hupata njia ndefu ya kukusanya mawimbi kabla hayajafika kwetu. Mpangilio wowote wa usukani upimwe kwa mambo mawili hayo: usiku wa taa na siku ya kusi. Picha za boti nzuri zinazozunguka kwenye simu nyingi ni za watu wanaovua mchana kwa ndoano, kwenye boti pana kuliko zetu.

Nimepanga aina tano za nafasi ya usukani, nikianza na ninayoipendelea zaidi, kwa kufikiria boti ya kawaida ya mita 7 hadi 9, upana wa mita 1.8 hadi 2.2, yenye mashine ya nguvu za farasi 40 au zaidi kidogo, inayofanya kazi ya wavu na taa.

Nafasi ya kwanza: meza ya pembeni, upande wa kulia, nyuma ya katikati

Hii ndiyo ninayomshauri karibu kila mvuvi wa wavu. Meza ndogo imeegemea ubavu wa kulia, karibu na tezi (nyuma ya boti) kuliko omo (mbele), na kioo kifupi juu yake. Ubavu wa kushoto wote unabaki wazi kwa kuvuta wavu, na sakafu ya mbele ni ya kreti, taa na watu. Nahodha anasimama au anakaa kwenye sanduku, anaona mbele, na akigeuka tu anaiona mashine na wavu uliotoka majini.

Kwa nini kulia? Sababu ya kwanza ni mashine yenyewe. Panga (propela) la kawaida huzunguka kuelekea kulia ukilitazama kutoka nyuma, na nguvu hiyo huikandamiza boti upande wa kushoto inapochanganya mwendo. Uzito wa nahodha na meza upande wa kulia unaisawazisha. Sababu ya pili ni sheria ya majini: vyombo viwili vyenye mashine vikikatishana njia, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha. Nahodha aliye kulia anauona upande huo bila kizuizi. Kama vijana wako wamezoea kuvuta wavu kulia na hawataki kubadilika, meza inaweza kwenda kushoto, ila muwe mmekubaliana kabla faiba haijakauka.

Hatari ya mpangilio huu ni boti kulala upande mmoja. Fundi anaweka meza kulia, nahodha yuko kulia, tangi la mafuta linasukumwa kulia kwa sababu liko karibu na mpira wake, na betri za taa zinaingizwa ndani ya meza hiyo hiyo. Piga hesabu: betri moja ya asidi ya Ah 100 ina kilo 25 hadi 30, lita 60 za petroli ni kilo 45 hivi, na mtu mzima ni kilo 70. Ukiziweka zote kulia umeilaza boti kabla hujapakia hata kreti moja. Betri ziende kushoto au katikati chini, tangi likae katikati nyuma. Hili liandikwe kwenye mchoro, lisibaki kuwa la mdomo.

Faida nyingine ni kwamba waya za gia, mafuta na usukani zinakuwa fupi kwa sababu meza iko karibu na mashine. Waya fupi ni nyepesi kuzungusha na rahisi kubadilisha. Zisipindwe kwa kona kali. Waya wa usukani unataka mpindo mpana, nusu kipenyo kisipungue sentimita 20 hivi, la sivyo utakuwa mgumu na kukatika mapema. Kwa mashine ya farasi 40 usukani wa waya unatosha kabisa. Usukani wa haidroliki waachie wenye mashine kubwa, kuanzia farasi 150 hivi.

Nafasi ya pili: mpini wa mashine, bila meza wala kioo

Wapo watakaoshangaa kuuona mpini, ule mkono wa kuongozea uliofungwa kwenye mashine yenyewe, hapa juu. Lakini kwa boti ya chini ya mita 6 na mashine ya farasi 15 hadi 25, mpini hauna mpinzani. Hakuna waya wa kukatika, sakafu yote ni yako, na kijana yeyote wa mwaloni anaujua. Ukiharibikiwa ukiwa mbali na Mwamgongo au kusini ya Ujiji, unatengeneza kwa ulichonacho.

Udhaifu wake unaanza mashine inapofika farasi 40. Mkono unachoka, na nahodha aliyekaa tezi kabisa amefunikwa na watu, kreti na nguzo za taa. Gogo au mtumbwi usio na taa hauonekani hadi umefika. Ukibaki na mpini kwenye boti ndefu, inua kiti chake na uweke kirefusho cha mpini ili aweze kusimama. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ifungwe mwilini kila safari. Anayeendesha kwa mpini akitupwa majini boti huanza kuzunguka peke yake, na panga linamrudia.

Nafasi ya tatu: meza ya katikati

Kwa mvuvi wa mshipi anayefuata migebuka, kuhe au sangala mchana, hii ingekuwa ya kwanza. Unazunguka boti yote ukiwa na samaki kwenye ndoano, hakuna ubavu uliozibwa, na uzito umekaa katikati. Kinachoishusha kwangu ni upana. Meza ya kawaida ina sentimita 70. Mtu mwenye koti la maokozi aliyebeba kreti anahitaji njia ya sentimita 60 kila upande. Jumlisha unene wa kingo na utaona boti inapaswa kuwa na mita 2.2 kwenda juu. Boti zetu nyingi ni nyembamba kuliko hapo, na meza ikiwekwa katikati inageuka kikwazo pande zote mbili. Wavu wa kuzungushia nao ukirundikwa sakafuni unaitafuta ile meza kama mbuzi anavyoitafuta kona ya kujikunia.

Nafasi ya nne: meza mbili na kioo kizima chenye mlango katikati

Nahodha kulia, abiria kushoto, na kioo kirefu kutoka ubavu hadi ubavu, kikifunguka katikati ili kupita kwenda omo. Ni mpangilio mzuri wa kupeleka wageni Gombe au kusafirisha familia bila kulowa. Kwa wavu haufai: unagawanya boti vipande viwili, na kila kinachotoka mbele kwenda nyuma kinapita kwenye mlango mmoja. Kioo chote kile nacho ni tanga lisiloshushwa siku ya kusi. Ukitaka boti ifanye kazi zote mbili, chukua ya nafasi ya kwanza, uongeze turubai la kukunja.

Nafasi ya tano: chumba cha usukani

Kwa boti za mita 12 na zaidi zinazokusanya mzigo wa dagaa kutoka kambi kwenda mjini, chumba kina maana, hasa wakati wa mvua. Kwa boti ya mita 8 kinaweka uzito juu, kinashika upepo, na nahodha hasikii wanachosema vijana. Usinunue.

Sasa kioo chenyewe

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza kimo. Nahodha anapaswa kutazama juu ya kioo au kupitia katikati yake. Ukingo wa juu usiangukie usawa wa macho, kwa sababu mstari ule ndio utakaoficha mtumbwi ulio mbele. Kwa uvuvi wa usiku nachagua kioo kifupi, ukingo wake ukifika kidevuni mwa nahodha aliyesimama. Kinamkinga kifua na maji ya mawimbi, na macho yanabaki huru. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mng'ao mmoja kutoka kwenye kioo unayarudisha mwanzo. Kwa sababu hiyo hiyo, uso wa juu wa meza upakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Meza nyeupe ya faiba inapendeza dukani, ila usiku inajionyesha yote kwenye kioo. Taa ya dira iwe hafifu, nyekundu kama inapatikana. Wala usibandike ile karatasi nyeusi ya vioo vya magari.

Pili malighafi. Perspeksi (plastiki ngumu inayoangaza kama kioo) ya milimita 6 inatosha kwa kioo kifupi, na mafundi wetu wanaiweza. Polikaboneti, plastiki nyingine ya aina hiyo, inavumilia kipigo zaidi, lakini huchubuka upesi na ile isiyo na kinga ya jua hugeuka njano. Kioo cha tabaka kama cha mbele ya gari ni safi kuangalia na hakichubuki, ila ni kizito na kinataka fremu imara. Kioo cha dirisha la nyumba kikatae hata ukipewa bure. Kikipasuka kinatoa visu, na majini hakuna pa kukimbilia.

Perspeksi hutanuka kwa jua, kwa hiyo tundu la skrubu liwe kubwa kidogo kuliko skrubu, kuwe na washa (pete) ya mpira, na isikazwe mpaka mwisho. Nyufa nyingi zinazoanzia kwenye skrubu ni kazi ya mkono mzito wa fundi. Kuosha ni kwa maji, sabuni na kitambaa laini. Petroli na thina vinaifanya iwe na ukungu usiotoka tena, na boti zimejaa matambara yaliyoloa petroli, kwa hiyo kitambaa cha kioo kiwe na mahali pake.

Kabla ya kumlipa fundi

Mwambie asimamishe meza ya mfano kwa plaiwudi na kadibodi, ukubwa kamili, ndani ya boti yenyewe. Nahodha asimame, akae, ashike usukani wa kubuni. Usukani wa kusimamia huwa sawa ukiwa sentimita 95 hadi 105 kutoka sakafuni, lakini mwili wa nahodha wako ndio kipimo. Kisha vijana wapitishe wavu halisi kutoka omo hadi tezi. Popote unapokwama, pembe izungushwe au skrubu izamishwe. Fanyeni jaribio hilo tena baada ya jua kuzama, taa za kuvulia zikiwa zimewashwa.

Wakati mzuri wa kazi hii ni ziwa linapofungwa. Mwaka 2024 serikali ililifunga kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na miezi hiyo ndiyo ya kusi pia. Boti ikiwa juu ya mchanga huna haraka, na unaweza kumsubiri fundi mzuri badala ya kumchukua aliyepo. Kama umebadilisha usukani kutoka mpini kwenda meza, waone watu wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kwa ukaguzi kabla ya kurudi kazini.

Mpini wa zamani usiuuze. Uhifadhi pamoja na boliti zake na waya mmoja wa akiba wa gia, na nahodha ajifunze kuurudisha akiwa nchi kavu. Sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi ibaki mkononi mwako hadi boti itoke Katonga au Kibirizi usiku, ikiwa na mzigo, na irudi ikiwa imekaa sawa majini.