Saxophone Colossus ya Sonny Rollins: nilivyoiona baada ya kuinunua

Ukilelewa na rumba kama mimi, saksafoni unaijua kupitia akina Verckys wa O.K. Jazz: inaingia, inachombeza, kisha inawapisha waimbaji na magitaa. Kwenye Saxophone Colossus, albamu ya Sonny Rollins, mpiga saksafoni wa jazi kutoka Marekani, hakuna mwimbaji wa kupishwa. Ni saksafoni ya tenori, piano ya Tommy Flanagan, besi ya Doug Watkins na ngoma za Max Roach. Nyimbo 5 tu, dakika kama 40.

Nilinunua santuri, toleo lililochapishwa upya, kwenye kibanda kimoja cha Kenyatta Market. Bei iliniuma. Muuzaji naye hakutaka kushuka hata shilingi: "Boss wangu, hii haikai hapa. Ukirudi Jumamosi huipati." Wauza santuri wote husema hivyo, lakini nilitoa pesa.

"St. Thomas" ndio wimbo wa kwanza. Ni kalipso, muziki wa visiwa vya Karibi alikotoka mamake Rollins. Roach anaanza peke yake, na bega lako linacheza kabla hujaliruhusu. Halafu Rollins anapoanza kujitungia, anashika noti 2 tu. Anazirudia, anazichelewesha, anazigeuza, anaziacha, anazirudia tena, na huchoki. Baada ya Roach kupiga ngoma zake peke yake, kalipso inawekwa kando na besi inaanza kutembea kijazi kabisa. Mke wangu, ambaye jazi kwake ni kelele za hotelini, aliacha mwiko kwenye ugali akaja kuuliza hawa ni wa wapi.

Wimbo wa pili, ule wa polepole, mimi huuruka. Umepigwa vizuri, sikatai, ila husikiliza sana muziki nikiwa kwenye matatu Ngong Road, na pale wimbo mpole haufui dafu mbele ya honi na makanga. "Strode Rode" unaenda mbio. Subiri mahali saksafoni na besi zinaachwa peke yao. "Moritat" ni mchangamfu.

Pesa yangu ilirudi upande wa pili, kwa "Blue 7". Unapita dakika 11. Watkins anafungua na besi tupu, taratibu, kisha Rollins anaingia na kijisauti kifupi kama mtu anayeuliza swali asilotaka kujibiwa. Wote wanne wanakizunguka hicho hicho. Rollins ananyamaza pale ambapo mwingine angejaza noti, na Roach ngoma zake zinaendeleza hoja ile ile. Mwaka 1958 Gunther Schuller, mtunzi na mchambuzi wa muziki, aliuandikia wimbo huu uchambuzi mrefu, na ukiusikiliza mara ya pili unaelewa kwa nini.

Yote haya yalirekodiwa Juni 22, 1956, Hackensack, New Jersey, kwenye sebule ya wazazi wa fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder. Rollins alikuwa na miaka 25. Siku 4 baadaye mpiga tarumbeta Clifford Brown, aliyeongoza na Roach bendi aliyokuwamo Rollins, alikufa kwenye ajali ya barabarani.

Sauti ni mono, yaani spika zote zinatoa kitu kimoja, kwa hivyo usihangaike na spika mbili za bei. Moja nzuri inatosha. Nakala yangu inakwaruza kidogo kuanzia "Moritat", na muuzaji amekubali kunibadilishia akipata nyingine. Kama huna gramafoni, isikilize kwenye intaneti kwanza, na uanze na "Blue 7". Naipa 4 kwa 5.