Kipimo cha Haraka cha Malaria na Homa Isiyokoma ya Mtoto

Kwa mtoto aliyeanza homa jana au juzi, sisi tunaohudumia watoto katika vituo vya afya hatuna kifaa cha kukizidi kipimo cha haraka cha malaria. Tone moja la damu, la kidoleni au la kisigino kwa mtoto mchanga, matone machache ya kimiminika chake, kisha unasubiri dakika 15 hadi 20. Hakihitaji umeme wala hadubini. Pakiti ifunguliwe wakati wa kupima tu, kwani unyevu huharibu ukanda wake, na mstari wa C, unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, usipotokea, majibu hayo hayafai.

Homa ikiingia wiki ya pili au ya tatu, imani yangu kwa kipimo hiki hupungua sana. Aina nyingi hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza dawa ya mseto majuma mawili yaliyopita anaweza kuonyesha mistari miwili, yaani majibu chanya, ilhali malaria imeshapona na homa ya sasa ina chanzo kingine, na huyo damu yake isomwe kwa hadubini kabla hajarudishiwa dawa ileile.

Majibu yakiwa hasi, ndipo ninapoumia zaidi, maana wazazi wengi huishia kwenye kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi, wakaambiwa mtoto ana "taifodi kidogo" na kuanzishiwa antibayotiki. Widal moja haitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ili kuona kama bakteria watakua, na damu hiyo ichukuliwe kabla ya antibayotiki. Mkojo nao husahaulika, ingawa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili homa inaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi ya njia ya mkojo. Ukingwe katika chombo safi, usikamuliwe kutoka kwenye nepi. Mzazi aulizwe pia kama kuna mwenye kifua kikuu nyumbani na kama mtoto hunywa maziwa yasiyochemshwa, maana navyo huweza kuwa chanzo cha homa isiyokoma.

Kipimo hiki nakipendekeza bila wasiwasi kwa siku za mwanzo. Kwa homa iliyodumu, fedha ya kurudia ukanda wa tatu ni bora ilipie kuotesha mkojo.